Jibu kwa mama wa Igoma: kijana wangu ana usonji, kapata chuo, nimpeleke au nisimpeleke?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, nalifupisha kidogo: "Kijana wangu ana miaka 20, aligundulika ana usonji akiwa na miaka 8. Anaongea vizuri, darasani yuko vizuri, kamaliza form six na division two, sasa kachaguliwa uhasibu chuo kimoja upande wa Nyegezi. Ana mambo yake, kelele hawezi, ratiba ikibadilika anavurugika, rafiki hana, ila muulize meli za ziwa hili atakutajia zote, ipi imeundwa lini, inabeba watu wangapi. Nimesikia vyuo vya Marekani vina programu maalumu za vijana kama hawa, je nihangaike nimpeleke huko? Baba yake mdogo anasema tusipoteze hela, tumfungulie duka. Halafu akae hosteli au awe anatokea nyumbani? Yeye mwenyewe hatujawahi kumwambia kama ana usonji, tuliona tusimvunje moyo."

Mama, hongera kwanza. Kumfikisha mtoto mwenye usonji, ndio ile autism, mpaka form six kwa shule zetu hizi za darasa la watoto themanini, bweni la vitanda vya ghorofa na king'ora kinacholia saa kumi na moja alfajiri, hiyo sio kazi ndogo, na najua wewe umeibeba zaidi kuliko mtu yeyote. Mimi ni mtu wa elimu maalumu na ushauri nasaha, nimekaa na vijana wa vyuo hapa Mwanza miaka mingi kidogo, kwahiyo nitakujibu kwa niliyoyaona na kwa ninayoyajua ya huko nje.

Kwa kifupi: chuo aende. Marekani sio lazima, na kwa kijana unayemweleza hivi hata nisingekushauri. Duka tutalizungumza mbele. Ila sentensi yako ya mwisho kabisa, ile ya hatujawahi kumwambia, uliiweka pale kama jambo dogo la kumalizia na mimi naiona ndio swali lenyewe, mengine yote yanategemea hiyo, nikifika utaelewa kwanini.

Tuanze na hao Wamarekani maana ndio uliowauliza. Programu hizo zipo kweli. Inayotajwa kuwa ya kwanza ni ya chuo cha Marshall, mji wa Huntington jimbo la West Virginia, walianza 2002. Alabama wakafuata 2006, Rochester Institute of Technology kule jimbo la New York wakaanza ya kwao 2008, na kuna chuo kinaitwa Landmark, Vermont, hicho kilifunguliwa 1985 kwa ajili ya wanafunzi wenye shida za kujifunza na siku hizi kinapokea wengi wenye usonji. Sasa mtu akisikia programu anawaza jengo, mashine, madaktari wa makoti meupe. Hamna. Ukiingia ndani ukaangalia wanachofanya hasa utashangaa ni vitu vya kawaida kabisa: kila mwanafunzi anapewa mtu wake mmoja, wanakutana mara moja au zaidi kwa wiki, wanafungua ratiba pamoja wanaangalia wiki hii kuna nini cha kukabidhi, kipi kimehamishwa, wapi umekwama, barua gani hujamjibu mwalimu. Wanamruhusu afanye mtihani chumba cha pembeni chenye utulivu na muda wa ziada. Wanamfikisha chuoni siku kadhaa kabla ya wenzake ili azoee njia na vyumba kabla ya zile vurugu za wiki ya kwanza. Kuna sehemu tulivu ya kukimbilia kichwa kikijaa. Kuna mtu wa kumfundisha mambo ambayo sisi wengine tuliyaokota tu njiani bila kufundishwa, mfano unamwendeaje mwalimu kumwambia hukuelewa, unakataaje mtu anayekukopa kila siku. Na hiyo wanalipia, mama, juu ya ada ya kawaida, sehemu nyingi ni dola elfu kadhaa.

Na kuna ambacho hawafanyi, nataka ukisikie vizuri: hawapunguzi mtihani. Maksi ni zile zile, kozi ni ile ile. Wanachobadilisha ni njia ya kufika kwenye mtihani, mtihani wenyewe hauguswi. Nalisema hili kwasababu wazazi wengi huku wakifika chuoni wanaanza kuomba huruma, "mwalimu mtoto wangu mgonjwa naomba umfikirie", na mwalimu akisikia hivyo anajikunja, anaona unamwomba maksi. Wewe huombi maksi.

Sasa ngoja nikwambie la sheria ya kule ambalo ndilo linanirudisha kwenye sentensi yako. Marekani mtoto akiwa shule ya msingi na sekondari, sheria inaibana shule imtafute, impime, impangie msaada, mzazi aitwe kikao. Siku anaingia chuo hayo yote yanaisha. Chuoni inafanya kazi sheria nyingine, ile ya watu wenye ulemavu ya 1990, na utaratibu wake ni kwamba mwanafunzi mwenyewe ndio aende ofisini aseme nina hali fulani, huu hapa ushahidi, naomba moja mbili tatu. Asiposema, chuo hakidaiwi kitu. Na mama akipiga simu kuuliza maendeleo ya mtoto hata matokeo hapewi, mpaka mtoto mwenyewe aandike kuwa ameruhusu. Uingereza nao ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa, wana posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu, inaweza kumlipia hata mshauri wa kukutana naye kila wiki, na chuo kikuu cha Bath kimewahi kuandaa kambi ya siku chache wakati wa kiangazi kwa vijana wenye usonji waje waonje maisha ya chuo kabla hawajaanza, lakini posho yenyewe lazima kijana aombe mwenyewe kwa jina lake.

Umeona? Popote duniani, mlango wa kwanza wa msaada wa chuo unafunguliwa na kijana mwenyewe. Na wa kwako hajui kama kuna mlango.

Nilishawahi kukaa na kijana mmoja, miaka kadhaa imepita, mama yake alikuwa ametembea na ile barua ya hospitali kwenye mkoba tangu kijana yuko darasa la tatu. Siku ya usajili wakapanga foleni tangu asubuhi, jua la Mwanza unalijua, mama akampa bahasha kubwa yenye vyeti akaenda kutafuta maji, karani akamwambia kijana toa kila kitu kilichomo. Akatoa. Akaisoma pale pale kwenye foleni, mbele ya watu. Hakulia, hakupiga kelele, aliikunja akairudisha akasajiliwa kimya kimya, halafu semesta nzima hakumwambia mama yake chochote na leksha akawa haingii. Tulipokuja kukaa naye, kilichomuumiza wala haikuwa usonji. Aliniambia maisha yake yote alijua kuna kitu, alikuwa anadhani ni mjinga kwa namna ambayo wengine hawawezi kumwambia, kumbe kuna jina, na watu wote nyumbani walikuwa wanalijua jina isipokuwa yeye. Yule mama alikuwa mama mwema sana. Alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo yako, asimvunje moyo.

Kwahiyo mwambie. Na usimuitie kikao cha ukoo sebuleni na wajomba wamekaa, hilo litamtisha. Vijana hawa wengi wanasikia vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu kingine na hakuna anayemtazama mwenzake usoni, mnachambua dagaa, mko kwenye daladala ya asubuhi isiyo na watu, mmekaa Kamanga mnaangalia kivuko kinaingia. Anza na yale anayoyajua mwenyewe. "Si unakumbuka ile kengele ya shule ilivyokuwa inakuumiza mpaka unaziba masikio? Si unaona unavyojua meli zote hizi na wenzako hawajui? Kuna namna ya akili inayopokea mambo hivi, watu wengi wanayo, inaitwa usonji, daktari alituambia ukiwa na miaka minane. Tulichelewa kukwambia, tulikosea, sasa nakwambia." Basi, nyamaza. Mpe muda, anaweza asiseme kitu siku mbili halafu akakuuliza swali moja la ajabu saa nne usiku wakati unafunga mlango, mjibu hapo hapo. Usishangae pia akikujibu "najua", maana vijana wa siku hizi wana simu, wengi wameshajitafuta huko intaneti wakajiona. Na usimwambie ni mtihani wa Mungu wala usimwambie ni kipaji maalumu, yote mawili ni mzigo. Mwambie ni jinsi alivyo.

Na sio peke yake, hilo nalo mwambie. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Leksha ya mwaka wa kwanza ya watu 400, hata tukisema wengi hawafiki chuo, sidhani kama atakuwa wa kwanza kukaa kwenye vile viti. Ni vile tu huku hatujapimwa, wengi wanaitwa wakimya, wanaitwa wenye dharau, wasichana ndio kabisa, wanajifunza kuigiza wenzao mpaka wanachoka na hakuna anayewashtukia.

Nije kwetu sasa. Kuna kitu? Programu yenye bango na jina kama ya Marshall mi sijakutana nayo chuo chochote hapa Mwanza, lakini nyenzo zake zipo zimetawanyika tu, kazi yako na yake ni kuzikusanya. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na ukisoma inavyoeleza maana ya ulemavu haizungumzii magongo na fimbo nyeupe peke yake, inazungumzia mtu kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida sawa na wenzake kwa sababu za kimwili, kiakili au za kijamii. Hapo kijana wako yumo. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 kinagusa mpaka elimu ya juu. Sikwambii uende chuoni na sheria mkononi kama unaenda mahakamani, ila ujue hauombi msaada wa hisani. Bodi ya Mikopo nayo kwenye maombi ina sehemu ya mwombaji mwenye ulemavu, inathibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, kama hamkujaza hiyo sehemu mlipoomba mjue kwa mwaka unaofuata.

Cha msingi kuliko vyote hapo ni barua. Ile ya miaka 12 iliyopita haitoshi, mtoto wa miaka 8 sio huyu wa 20. Nendeni kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo, aonwe upya, na mumwombe daktari asiandike tu "ana usonji". Barua ya namna hiyo ukimpa mwalimu wa uhasibu anaisoma anairudisha, hajui afanye nini. Aiandike kwa vitendo: anahitaji mtihani chumba chenye watu wachache na muda wa ziada, anahitaji maelekezo ya kazi kwa maandishi na sio kwa mdomo tu mwisho wa kipindi, aruhusiwe kukaa karibu na mlango na kutoka dakika tano akizidiwa bila kuhesabiwa mtovu wa nidhamu, akiwa na prezentesheni aanze kufanya mbele ya mwalimu peke yake kabla ya darasa zima, na kazi za grupu mwalimu ampangie grupu yeye mwenyewe badala ya kusema jitafuteni. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau na mimi naiona kubwa mno. "Jitafuteni watu watano watano" ni sentensi ya sekunde mbili, kwa kijana asiye na rafiki ni maksi za kosiweki zimekwenda. Hata mitihani ya taifa huko nyuma Baraza la Mitihani limekuwa na utaratibu wa nyongeza ya muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwahiyo chuo kikikuuliza hiki kitu kimetoka wapi, hakijatoka Marekani, kipo hapa hapa.

Hiyo barua aipeleke nani? Yeye. Wewe msindikize mpaka nje ya mlango wa ofisi ya mlezi wa wanafunzi, aingie mwenyewe na karatasi yenye sentensi tatu alizoziandika nyumbani, azisome kama zilivyo, hakuna aibu kusoma. Fanyeni mazoezi jikoni, wewe uwe mlezi, yeye awe yeye, mara tano mara kumi.

Sasa yule mtu mmoja. Hapa ndio nataka ukae vizuri mama, maana ukiniambia nichague kitu kimoja tu kutoka programu zote za huko nje nikilete Mwanza, sichukui chumba wala vifaa, nachukua huyu mtu wa kila wiki. Sababu ni kwamba kinachowaangusha vijana hawa chuoni mara nyingi sio masomo. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2012 ulionyesha kwamba miaka 6 ya mwanzo baada ya sekondari, walioingia chuo cha aina yoyote kati ya vijana wenye usonji walikuwa kama asilimia 35 tu, na hiyo ni nchi yenye hizo programu. Akili wanazo. Wanaanguka pale katikati ya kipindi na kipindi. Shule ilikuwa na kengele, kiranja, mwalimu wa zamu, kila saa kuna mtu anakwambia nenda kule. Chuoni ratiba inasema jumatatu saa mbili ukumbi fulani, jumapili saa tano usiku CR, yaani kiongozi wa darasa, anaandika kwenye grupu la WhatsApp venyu imebadilika, juu yake watu wameshatuma meseji mia mbili za mpira, wa kwako asubuhi anaenda ukumbi ule ule wa kwenye ratiba, anakuta mlango umefungwa, anasimama pale. Wenzake wangepiga simu kwa mtu. Yeye anarudi chumbani. Kesho anaona aibu kuuliza alichokosa, keshokutwa asaimenti imepita, wiki ya sita hayuko kabisa na hakuna aliyeona kwasababu darasa lina watu 400. Matokeo yakitoka ni sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia, au kadisko, yaani kaondolewa chuo, na nyumbani mnashangaa mbona alikuwa na akili.

Huyo mtu mmoja kazi yake ni kulikamata hilo wiki ya kwanza, kabla haijafika ya sita. Anaweza kuwa mwalimu kijana pale chuoni, mkutubi, mlezi wa vijana kanisani au msikitini, au mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyetulia ambaye mnampa hela kidogo ya vocha na chakula kila mwezi, mi huyu wa mwisho nimemwona akifanya kazi vizuri kuliko sisi wazee. Asiwe wewe. Najua utaumia kusikia hivyo, ila ukiwa wewe atakwambia yuko sawa ili usiwe na wasiwasi. Wakutane siku moja, saa moja, sehemu moja, isibadilike, dakika arobaini zinatosha. Na asimuulize "unaendeleaje?", hilo swali jibu lake ni "poa" hata nyumba ikiwa inaungua. Amuulize vitu vyenye majibu: nifungulie simu tuone grupu la darasa limesema nini, nionyeshe daftari la kila somo tarehe ya mwisho, jana umekula nini na saa ngapi, umelala saa ngapi, wiki hii umekosa kipindi gani, nani amekuomba hela. Hili la hela usilidharau. Bumu, ile hela ya mkopo, likitoka kuna watu wanajua nani hajui kusema hapana.

La kulala na kula nalo lina maana zaidi ya afya. Wasiwasi na sonona vinawapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kwa vijana kama wako haionekani kwa machozi, inaonekana kwa kuacha. Ameacha kula, ameacha kuoga, ameacha hata kuongelea meli. Ukiona meli zimenyamaza nenda chuoni siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi, na akitamka lolote la kutotaka kuishi mpeleke hospitali na asiachwe peke yake. Na kama kuna siku amewahi kuanguka kifafa, maana kifafa na usonji vinafuatana mara nyingi, rumeti na huyo mtu wa wiki wajue, na dawa zisikatike kwasababu ya mitihani.

Hosteli au nyumbani. Igoma mpaka Nyegezi ni mwendo, tena asubuhi daladala unaijua ilivyo, konda anapiga bati, mziki juu, watu wamebanana shingo upande, anafika chuoni ameshatumia nguvu zote kabla kipindi hakijaanza. Hosteli nayo chumba cha watu sita, taa haizimwi. Kwa wengi niliowaona kilichofaa ni katikati: geto la mtu mmoja au wawili karibu na chuo, Malimbe, Sweya, Luchelele huko vyumba vipo, nyumba ya familia iliyotulia, na ijumaa jioni anarudi nyumbani bila kukosa. Kabla ya kulipia kodi nenda usiku, usiende mchana tu. Mchana kila nyumba imetulia. Nenda saa tatu usiku jumamosi usikilize kama kuna baa, mashine ya kusaga, au nyumba ya ibada yenye spika upande ule. Mwache na yeye asikilize, aseme mwenyewe. Na atafute sehemu yake ya kukimbilia mchana, yule kijana wa bahasha tuliyemaliza naye salama alikuwa na jiwe lake kule Luchelele, moja ya haya mawe makubwa yetu yanayoangalia ziwa, kila siku saa saba anaenda anakaa nusu saa, upepo na maji tu, anarudi kipindi cha saa nane akiwa mtu. Alimaliza shahada. Alimaliza kwa mwaka mmoja zaidi ya wenzake.

Hapo kwenye mwaka mmoja zaidi, lisikilize hili mapema kabla halijatokea. Katikati ya semesta ukiona amezidiwa kabisa, vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo, unaandika barua, unaambatanisha ya daktari, unakubaliwa, unarudi mwaka unaofuata nafasi yako ipo. Tofauti ya aliyeahirisha kwa barua na aliyepotea tu ni kubwa sana, wa pili anaitwa mtoro na anaondolewa. Uulizie huo utaratibu wiki ya kwanza, uujue, uukunje uweke. Na kama chuo cha darasani kikishindikana kabisa kuna Chuo Kikuu Huria, kina kituo hapa Mwanza, mtu anasoma kwa mwendo wake, kwa baadhi ya vijana hawa ndio ilitakiwa iwe chaguo la kwanza.

Uhasibu, je? Sina ugomvi nao, una kanuni, una majibu yanayolingana, wengi wao wanaupenda. Ila nakuomba umuulize yeye, sio wewe wala baba mdogo, kama kweli anautaka au alijaza fomu kwa kufuata orodha ya wengine. Kijana anayekwambia MV Mwanza inabeba abiria 1,200 na mizigo tani 400 bila kusoma popote, huyo ningependa angalau ajue kuna kozi za ugavi na usafirishaji. Akisema uhasibu ni uhasibu.

Na baba mdogo. Usigombane naye, anaongea kwa upendo, ameona hela za watu zikipotea. Ila mwambie hivi kwa heshima: duka ni wateja siku nzima, ni kupiga stori, ni kukopesha na kudai, ni mtu anakwambia "nitakuletea kesho" na anamaanisha hatakuletea, yaani kila kitu ambacho kijana huyu kinamchosha kimewekwa kwenye chumba kimoja. Chuo kwa kweli ni chepesi kwake kuliko duka. Halafu mpe kazi, maana mjomba au baba mdogo mwenye kazi haleti maneno: yeye ndio awe anamfuata ijumaa Nyegezi.

Kama usajili haujafika, msingoje wiki ya wanafunzi wapya na vurugu zake. Kwanza mazungumzo yenu yale, wiki hii. Halafu jumamosi pandeni daladala wawili, mfike chuoni pakiwa kimya, mtembee njia zote kwa miguu, geti, ukumbi, maktaba, kantini, choo kiko wapi, ofisi ya mlezi ni mlango upi, apige picha kila mlango kwa simu yake na kuupa jina. Jumamosi inayofuata arudi peke yake, na wewe ubaki stendi ya Nyegezi umsubiri.